Bastola Mikononi mwa Mtani

Hawa mwanangu,

Tuko chini ya paa moja, kwa hiyo nikianza kukuuliza hali kwa maandishi nitakuwa najichekesha. Hali yako naijua. Nakusikia hapo ukumbini unabishana na mama yako kwamba sufuria tatu ni nyingi kwa mtu mmoja. Utashindwa. Zitakwenda zote tatu, na kinu juu yake.

Nimejifungia chumbani nikidai nakagua karatasi za gari. Uongo. Nakuandikia, kwa sababu jambo lenyewe nikilitamka kwa mdomo nitalitia mzaha, kama nilivyolitia mzaha miaka yote. Jana mama yako alikuwa anachambua mchele, akaniambia bila kuinua macho, "Mwambie mwanao. Mimi nimechoka kuicheka ile hadithi." Unamjua mama yako, hasemi jambo mara mbili.

Sitakuambia uchemshe maji wala upime oili kila asubuhi. Hayo umeshaambiwa na kila mtu hapa Kihonda mwenye mdomo, hadi wale ambao hawajawahi kuendesha hata toroli. Nataka kukujibu kuhusu bastola.

Uliniomba wiki iliyopita tukiwa tunakula. "Baba, si imelala tu kabatini? Songea mpaka Tunduru ni pori, na mimi nitakuwa peke yangu na gari limejaa dawa za mifugo za kusambaza. Nipe niende nayo." Nikakujibu, "Tutaona." Hilo ni jibu la baba asiye na jibu. Uliguna, na ulikuwa na haki ya kuguna.

Nianze na sheria, maana ndiyo fupi. Ile leseni ina jina langu na picha yangu ya enzi zile nikiwa na nywele. Silaha haiazimwi kama ngazi. Ukikutwa nayo kwenye kizuizi cha polisi, hata kama hujamwua nayo inzi, wewe ni mhalifu na mimi niliyekupa ni mhalifu mwenzako, na hakuna askari atakayejali kwamba ni baba na bintiye. Hata nikifa leo hamtaigawana pamoja na mashati yangu. Inakwenda polisi kwanza, mengine baadaye. Basi usiiombe tena. Wiki ijayo naipeleka polisi kuisalimisha, na sababu utaiona ukisoma mpaka mwisho.

Najua umeshaomba leseni ya kwako mwenyewe. Sikukuzuia na sitakuzuia. Mwenyekiti wa mtaa alipita hapa kabla hajapeleka maombi yako kata, akataka kauli yangu. "Mzee Saidi, huyu binti hana hasira? Hanywi? Hana ugomvi na mtu?" Nikamjibu hana hasira, hanywi, hana ugomvi na mtu. Ni kweli tupu, na nilisema kwa kujivuna. Alipoondoka nilibaki pale barazani, chai ikapoa. Nilikuwa nimekumbuka kwamba na mimi niliulizwa maswali hayohayo, nikafaulu yote. Sikuwa mlevi. Sikuwa mgomvi. Tangu nitoke shule sikuwa nimempiga mtu hata kofi. Na bado ilifika siku nikamwelekezea binadamu bastola na kuvuta kifyatulio, binadamu ambaye hakunikosea kitu.

Binadamu huyo ni Mzee Kibwana.

Ndiyo, huyohuyo anayekuita mchumba na kukudai maji ya kuoga kila akija. Najua unaijua hadithi. Umeisikia kwenye harusi, umeisikia Idi baada ya Idi: siku baba Hawa alipokwenda mazikoni na bastola ya kuchezea, watani wakamnyang'anya, ikakombolewa kwa jogoo. Mzee Kibwana huisimulia amesimama, amenyoosha kidole kama mtutu, na watu hucheka mpaka wanafuta machozi kwa pindo za kanga. Mimi nami hucheka. Sasa nikusimulie ilivyokuwa.

Wakati ule nilikuwa nanunua viungo milimani, kama unavyokumbuka harufu ya ile Hiluksi yetu ya zamani: karafuu, mdalasini, pilipili manga. Napanda Mkuyuni, Kinole, Matombo, nanunua kwa fedha taslimu, nashuka mjini. Ukatokea msimu wa uvamizi. Mfanyabiashara mwenzangu alikuta matawi mabichi yametandazwa njiani, akadhani mbele kuna gari bovu, maana ndiyo alama yetu sote, akapunguza mwendo. Hakukuwa na gari bovu. Walimwacha na nguo ya ndani na jino moja pungufu. Mimi nilipomwona hospitalini nilitoka pale moja kwa moja kwenda kuuliza bastola inapatikanaje. Sioni aibu kwa hilo. Hofu ilikuwa ya kweli na wezi walikuwa wa kweli.

Ilichukua muda mrefu, mtaa, kata, wilaya, polisi, lakini nikaipata kwa njia ya halali. Askari aliyenikabidhi leseni alinipa maelekezo ya gari: isiachwe ndani ya gari hata unaposhuka kununua vocha, isioneshwe mtu, kwenye kizuizi useme unayo kabla hujaulizwa. Niliyashika yote. Nilikuwa mwanafunzi mzuri mno.

Jambo ambalo hakuniambia, na pengine hakulijua, ni kwamba kile kitu kingenibadilisha macho. Kabla yake nilikuwa nasimama kila mahali. Bibi mwenye mkungu wa ndizi, nasimama. Mwalimu aliyekosa usafiri, nasimama. Baada ya kuivaa kiunoni nikaanza kuangalia mikono ya watu kabla ya nyuso zao. Bibi akitia mkono kifuani atoe leso, mimi moyo unaruka. Siku moja karibu na Kiroka nilikuta matawi njiani, nikakanyaga mafuta nikapita kwa kasi, na kwenye kona nikaona kijana amelala chini ya Fuso anafungua propela. Alinipungia mkono. Sikusimama, na jioni nilijisifu kwa mama yako kwamba sasa nimekuwa mjanja.

Mjomba wangu akafariki, kule juu ya Matombo. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo mambo ya ukoo wangu hukuyafuata sana, lakini hili unalijua angalau kwa kusikia. Kila ukoo wetu Waluguru una ukoo wa watani. Msiba ukitokea, watani ndio wanaochimba kaburi, na ndio wanaofanya vituko. Watalala kaburini na kugoma kutoka, watamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, watafunga njia na kunyang'anya wafiwa chochote mpaka kikombolewe. Masheikh wamelikemea jambo hili miaka nenda miaka rudi, na bado lipo. Mfiwa haruhusiwi kukasirika. Mtani naye haruhusiwi kukasirika. Hiyo ndiyo sheria yake, na ndiyo dawa yake pia, maana nimeona watu waliokauka kwa majonzi wakicheka kwa nguvu kwenye makaburi ya mama zao.

Mimi nimezaliwa katika mambo hayo. Nilijua tangu nikiwa mtoto kwamba ukienda kumzika mjomba wako utakutana na watani njiani. Mtu wa kuja angesamehewa kwa kutojua. Mimi nilijua, ila nilikuwa nimekaa na kile chuma kiunoni miezi mingi, na asubuhi ile nilikivaa kama mtu anavyovaa saa. Wewe tulikuacha kwa shangazi. Mama yako alikaa pembeni yangu, jogoo wa rambirambi amefungwa miguu chini ya kiti.

Tukapinda kona moja ya udongo mwekundu, matawi haya hapa. Wakaruka kutoka migombani wanaume wamejipaka masizi usoni, wamejifunga majani makavu ya migomba, mmoja ana panga, wengine marungu. "Shuka! Toa kila kitu!" Mama yako akasema, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba Hawa, hao ni watani." Nilimsikia, Hawa. Nikusihi usije ukadhani sikumsikia. Sikio lilisikia, lakini mkono ulikuwa umeshatangulia. Nilishuka na bastola imenyooka mbele, nikamwelekezea mwenye panga kifuani, nikavuta.

Ikalia kidogo tu, kama mtu anavyovunja kijiti.

Risasi zilikuwemo zote. Nilikuwa nimesahau kuikoki, basi. Yaani kile kipande cha juu unakivuta nyuma kwanza ndipo risasi ya kwanza inapanda mahali pake, na mimi katika kiherehere changu sikukivuta. Mtu yule yupo hai kwa sababu mimi sikuijua kazi. Watu husema Mungu hamtupi mja wake, na mimi siku ile nilimwona Mungu akitumia uzembe wangu, kwa kukosa kifaa kingine.

Mwenye panga alinitazama, akaitazama bastola, akapasuka kicheko. "Loo, mtani! Hata bunduki yako imekufa? Basi nayo tutaizika leo." Wote wakaangua kicheko. Walidhani nimewajibu utani kwa utani, tena utani mkubwa kuliko wao, kuja msibani na bunduki ya bandia. Akanisogelea akiwa anacheka, akaichukua mkononi mwangu kwa ulaini tu, kama mtu anavyompokea mgeni mzigo. Vidole vyangu havikubisha. Akaipima uzito. "Hii ya mtoto?"

Nikasema, "Ndiyo. Ya mtoto."

"Mtoto gani?"

"Hawa."

Ulikuwa huna hata mwanasesere wakati ule. Nilikupa bastola kwa mdomo wangu, mbele ya watu wote, ili nisionekane mtu aliyetaka kumwua mtani wake njiani kuelekea mazikoni.

Kule kuvuta kifyatulio naweza kusema kulikuwa kihoro, au kichaa cha sekunde. Nimeshajisamehe nusu. Ila kilichofuata hakikuwa cha sekunde. Mzee Kibwana aliichomeka kwenye mkanda wake wa majani ya migomba, akatutangulia mpaka msibani, na pale uwanjani akaanza kazi yake ya utani. Alicheza nayo. Alimwelekezea sheikh, akavuta, ka! Alimwelekezea shemeji yangu, ka! Wanawake wakapiga vigelegele. Watoto, wajukuu zake wakiwemo, walimzunguka wakilia "na mimi, na mimi," naye anawaelekezea mmoja mmoja, wanaanguka chini wakijifanya wamekufa, wanainuka wanarudi tena. Alikuja mpaka mbele yangu. "Leo wazikwe wawili," akasema, na watu wakacheka. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote.

Yote yaliyohitajika ni kuvuta kile kipande cha juu mara moja. Na kilikuwa kimeanza kumvutia. Nilimwona akikichezea kwa kidole gumba, akikisukuma kidogo, kinarudi, anakisukuma tena, kama mtu anayejiuliza kinafunguliwaje.

Na mimi nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa napatana bei. Ndivyo ilivyo desturi, kitu kilichochukuliwa na mtani kinakombolewa kwa maneno na kicheko. Nikasema nitatoa shilingi kadhaa, yeye akasema anataka mbuzi, nikasema mbuzi amekwenda Hija, watu wakacheka. Kila sentensi niliyoitunga ilikuwa inanichelewesha kusema sentensi moja tu: "Ina risasi." Maneno mawili. Lakini nikiyasema, ukoo mzima ungejua kwamba pale njiani sikuwa natania. Askari wangejua kwamba silaha yangu imecheza ngoma mikononi mwa watu. Ningefungwa, au kibaya zaidi, kwa hesabu zangu za wakati ule, ningechekwa kwa namna nyingine. Nilikaa nikiwatazama watoto wa watu wakipangwa mstari mbele ya mtutu, nikachagua kutunga masihara. Mwanangu, nilijionea kinyaa siku ile, na hata sasa nikiandika kinyaa hicho kipo.

Aliyemaliza jambo ni mama yako. Alikwenda kwenye gari, akarudi na jogoo. Akakata katikati ya wanaume, akapiga goti mbele ya Mzee Kibwana.

"Babu, shikamoo."

"Marahaba, mke wetu. Umemwacha huyu mume wako mjinga?"

"Bado nafikiria. Nimekuja kukomboa kichezeo cha mwanangu."

"Jogoo mmoja kwa bunduki nzima?"

"Si umesema mwenyewe imekufa? Maiti haipandi bei."

Alicheka mpaka akakaa chini. Akampa. Mama yako aliipokea kwa mikono miwili ndani ya kanga, akashukuru, akainuka, akaenda kwenye gari. Hakukimbia. Niliutazama mgongo wake njia nzima na haukutikisika. Alikaa humo garini ameipakata, madirisha yamefungwa, jua kali, mpaka mazishi yakaisha. Mjomba wangu alizikwa bila yeye, na kuna mashangazi ambao mpaka leo wanasema mke wa Saidi ana maringo.

Wakati wa kurudi, tulipofika lami, ndipo aliponiambia, "Ungesema tu." Hakuongeza neno, siku ile wala mwaka ule.

Sikuibeba tena. Niliifungia kabatini na kila mwaka nikailipia leseni, kwa sababu kuirudisha kulihitaji maelezo, na maelezo ndiyo niliyokuwa nayakimbia. Wewe ukakua ukidhani baba yako ni mtu wa tahadhari, ana silaha na hatembei nayo. Nikakuacha udhani hivyo. Ilipendeza.

Hawa, sikuandikii ili nikwambie usibebe. Sijui utakutana na nani kwenye barabara hizo, na nikijifanya najua nitakuwa mnafiki. Wapo watu wabaya, na huenda siku moja kikakufaa kitu ambacho mimi hakikunifaa. Una mkono mtulivu kuliko wangu na unasikia ukiambiwa, mimi hilo la pili sinalo. Nimekuwa nikijiuliza tu mtu wa kubeba silaha anatakiwa awe na nini, zaidi ya yale wanayoyauliza mwenyekiti na polisi. Wanauliza hasira, wanauliza pombe. Mimi ningeuliza: huyu mtu anaweza kuaibika mbele za watu? Akikosea, anaweza kupaza sauti papo hapo, hadharani, aonekane mjinga, aonekane mwoga, apelekwe hata rumande, ili mtoto wa mwenzake asogee pembeni? Mimi nilikuwa na leseni, nilikuwa na risasi, nilikuwa na akili timamu, na hilo moja sikuwa nalo. Kwako sijui. Nadhani na wewe hujijui bado, kwa sababu hakuna anayejijua mpaka siku yenyewe.

Na jambo dogo: ukikuta matawi njiani, nakuomba usinifuate mimi. Punguza mwendo, funga milango, tazama vizuri. Mara nyingi ni mtu aliye chini ya gari lake.

Kesho asubuhi Mzee Kibwana anakuja kukuaga. Amepiga simu, anashuka na gari la kwanza kutoka Matombo, na unajua atakachofanya. Atakunywa chai ya watu wawili, atamwuliza mama yako kama bado anafikiria kuniacha, kisha atasimama, atanyoosha kidole, ataanza. Safari hii nitamkatiza. Nitamwambia mbele yako na mbele ya mama yako kwamba ilikuwa na risasi, na kwamba pale njiani sikuwa natania. Nakuomba usiondoke kabla ya hapo, hata kama gari limeshawashwa.

Hasira yake siiogopi, maana hana. Mtani haruhusiwi. Nikishasema, atacheka, na atanidai jogoo wa pili, kwa sababu desturi haikumwachia kitu kingine cha kufanya. Sitajua kamwe kama amenisamehe au ametimiza wajibu wake. Lakini kabla hajacheka atanyamaza kidogo, na hapo uso wake utakuwa wa mtu aliyesimama mbele ya bastola yenye risasi, akawaelekezea nayo wajukuu zake mwenyewe. Mimi sitaweza kuutazama. Najijua, nitakuwa naangalia kikombe. Utazame wewe. Leseni yako ikitoka, uukumbuke uso huo kabla hujakwenda dukani kuchagua silaha. Kisha amua unavyoona. Mimi usiniambie ulichokiona.

Ni mimi baba yako,
Saidi